Papa Hakusimama

Juzi, wimbo wa taifa ulipoanza kwenye televisheni kabla ya mpira, binti yangu aliniambia, "Mama, simama." Nilikuwa nimetoka sokoni Kampemba, miguu imevimba. Nikabaki kwenye kiti.

Papa, baba yangu, alifanya kazi ya reli. Kila wimbo ule ulipopigwa alisimama wima katikati ya salon, sebule yetu, nami bado mtoto kando yake, maana niliamini wachezaji wanatuona kupitia kioo cha televisheni.

Alasiri moja ya kiangazi, nyumba nzima ikinuka samaki wakavu wa Pweto, papa alirudi kutoka kazini akakaa bila hata kuvua viatu. Wimbo ukaanza, naye hakuinuka.

"Papa, simama, banatuona."

"Banione tu, mwana. Nilichoka."

Tulifungwa mabao mawili. Siku tatu sikumsemesha, kwa kuwa nilijua ni nani aliyetufungisha. Yeye hakujitetea.

Sasa najua uzito wa miguu aliyosimamia siku zile nyingine zote.

Juzi pia tulifungwa. Binti yangu alizima televisheni bila kuniangalia, nami sikujitetea.