Mlango wa Chumba cha Tata

Nilipokuwa mtoto, kwetu Manga, nyumba yetu ilikuwa na chumba ambacho mama yangu aliacha kabisa kukikanyaga, ingawa ndani yake alilala mume wake mgonjwa, na ingawa mume huyo alikuwa akimwita. Mimi ndiye niliyeingia na kutoka. Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu, na bado kila nikisikia mhubiri akilitamka neno neema kwa ile sauti tamu ya kanisani, ninachokiona ni pazia la kitenge lenye maua ya njano, na miguu ya Mama upande wa pili.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, aligongwa na pikipiki kwenye mteremko siku ya mvua. Hospitalini walimshona paja, wakampa dawa, wakamruhusu aende. Wanaume wawili walimleta kwa pikipiki nyingine, wamembana katikati yao, shati na suruali vimelowa damu. Mama alikuwa shambani akichuma chai. Aliposikia kelele alikuja mbio na kikapu mgongoni, ndara moja imebaki kwenye tope, huku akiliita jina la Tata. Alipofika katikati ya ua akasimama ghafla. Akaficha mikono yake nyuma, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka akaugusa ukuta wa jikoni.

Watu wote waliona. Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza ili wamtazame. Mimi sikuelewa kitu, ila niliuona uso wa Magokoro, bibi yangu aliyemzaa Tata, na nikajua kwamba mambo yameharibika.

Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Mke akitoka nje ya ndoa, kisha mumewe akaugua au akamwaga damu, mke huyo hatakiwi kumsogelea. Akiingia alipo mgonjwa, mgonjwa hutokwa na jasho jingi, na jasho hilo likianza hakuna wa kulizuia, atakufa. Mume naye anaweza kuzurura kutoka Manga mpaka Nyaramba akilala anapotaka, na mkewe akiugua atakuja kumshika mkono asidhurike mtu. Niliwahi kuwauliza wazee kwa nini sheria hii ina jicho moja tu. Walicheka, wakaniuliza kama nimeshaolewa.

Basi pale uani, bila kufungua mdomo, Mama alikuwa amesema kila kitu.

Kaka yangu alikuwa ameshatahiriwa, na kwa heshima zetu kijana aliyetahiriwa haingii chumba cha wazazi wake. Mimi nilikuwa bado mdogo, kwa hiyo kazi ikawa yangu. Baba mdogo alipita kila asubuhi kubadilisha kitambaa cha kidonda, akaenda zake. Mama alipika jikoni, ambako sasa ndiko alikolala pia, akanipa bakuli la uji wa wimbi, nikavuka nalo ua. Magokoro, kwa kuwa mama naye haingii chumba cha mwanawe aliyeoa, alikaa sebuleni kwenye kigoda, ameuelekea mlango wa chumba.

"Mama yako yuko wapi?" Tata aliniuliza.

"Yuko jikoni."

"Mwambie uji umezidi sukari. Aje auonje mwenyewe."

Uji haukuwa na sukari hata chembe. Tata alikuwa mtu wa mzaha, na maumivu hayakumwondolea mzaha wake. Nilipomfikishia Mama ujumbe alicheka, kisha akaugeukia moto na mabega yake yakaanza kutikisika.

Magokoro hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo leo kwa moyo mweupe, maana nina mtoto wa kiume na ninajua ningefanya nini. Alimwendea Mama jikoni akamwambia kuna mtu Nyaramba anayejua dawa ya amasangia, mume na mke huinywa pamoja baada ya mke kumtaja mwanamume, na mambo yakaisha. "Sema tu jina," alisema. "Sitamwambia mtu. Nataka mwanangu aishi." Mama alikubali. Nilimwona akikubali kwa kichwa. Aliyekataa ni Tata. Alikuwa shemasi, mtu wa Sabato kwelikweli, na alisema kwa sauti iliyotufikia sote sebuleni kwamba yeye hanywi mizizi ya mganga, Yesu ameshamwosha yeye na mke wake, hapana haja ya kuoshwa na mwingine.

Ndipo akaja Mzee Nyabuto, mzee wa kanisa letu. Aliomba kando ya kitanda kwa Kiswahili, maana kwetu Ekegusii ni lugha ya nyumbani, na Kiswahili alikiweka kwa ajili ya Mungu na watu wa serikali. Kisha akaenda jikoni, akakaa juu ya kigunia, akamwambia Mama maneno mazuri mno. Alisema mambo ya amasangia ni ya giza. Alisema hatuko chini ya sheria, tuko chini ya neema, na damu ya Kristo ina nguvu kuliko dhambi ya mtu yeyote. "Ingia umwone mume wako, mama. Uko huru."

Mama alilia na kusema asante. Nilifurahi, nikafikiri yamekwisha. Mzee Nyabuto akatoka, akamkuta Magokoro kando ya ukuta ule ule wa jikoni, ukuta wa udongo wenye nyufa, akainamisha kichwa chake na kumwambia kwa Ekegusii:

"Lakini tusimjaribu Mungu. Mwacheni mgonjwa apone kwanza, ndipo aingie."

Mimi nilisikia. Na kama mimi nilisikia, Mama aliyekuwa ameegemea ukuta huo huo alisikia. Alijifuta macho kwa leso, akaendelea kuchambua mboga.

Kidonda cha Tata kikaanza kunuka. Siku moja mchana alinishika mkono, mkono wake una moto, akasema mzaha umekwisha sasa, nisikilize na nisiache neno hata moja. Akanifundisha maneno, akanirudisha nyuma nilipokosea, kama mwalimu wa Shule ya Sabato anavyowafundisha watoto fungu la kukariri. Nikatoka, nikasimama mbele ya Mama, mikono nimeinyoosha ubavuni, nikakariri:

"Tata anasema alijua tangu aliporudi kutoka Kericho. Alikusamehe siku hiyo hiyo na hakukwambia kwa sababu hakutaka uone haya. Anasema uje."

Mama aliketi chini kwenye majivu. Baadaye sana, tukichuma chai pamoja, aliniambia mwenyewe jinsi ilivyokuwa: msimu ule Tata alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na mtu ambaye alihama zamani. "Halikuwa jambo refu," alisema, wala hakuongeza neno. Lakini mchana ule aliniuliza tu, "Amesema alijua?" Nikakariri tena tangu mwanzo. Nilijivunia kwamba sikukosea.

Akanawa miguu na mikono. Akavaa gauni lake la Sabato, lile la buluu. Tukavuka ua pamoja, akaingia sebuleni, na Magokoro akainuka kwenye kigoda. Nilidhani atamzuia. Hakumzuia. "Pita basi," alimwambia. "Anakuita wewe, na mimi sina mwingine wa kunisaidia."

Nilitangulia mimi, nikaenda kusimama kando ya kitanda. Mama akabaki nyuma ya pazia.

"Ni wewe?" Tata akauliza.

"Ni mimi."

"Ingia."

Akalisogeza pazia. Wakatazamana. Nilimwona Tata akitabasamu, uso wote ukimetameta, na matone yakishuka kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, hadi kwenye mto. Alikuwa akitokwa na jasho. Mama alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu, akaliachia pazia, akakimbia. Tata aliita. Aliita tena. Nilichukua kitambaa nikamfuta, kwa sababu sikujua la kufanya.

Mimi leo nauza dawa katika duka moja mjini Kisii. Jasho lile nalijua. Nalisikia kila wiki, mzazi akija kuniambia mtoto ana homa na shuka limelowa. Tata alikuwa akitokwa na jasho tangu asubuhi, nami nilikuwa nimemfuta tangu asubuhi, lakini nani angemwuliza mtoto? Alikufa kesho yake kabla ya saa sita. Kilichomuua ni kidonda kilichooza na ukaidi wetu sote wa kutomrudisha hospitali, huku sisi tukilinda mlango.

Mama aliishika sheria, na mume wake akafa vilevile. Ungefikiri hapo sheria ingeaibika. Wapi! Wanawake walisema alifika mpaka mlangoni, na sauti yake ilitosha kumuua. Mama hakubishana nao. Yeye alikuwa amepata lake la kujihukumu: siku ile Tata alipoletwa, baada ya watu kutawanyika, alilichukua lile shati lenye damu akalifua mtoni. Hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba shati huhesabiwa kama mgonjwa mwenyewe. Mama alilihesabu mwenyewe, na hajaacha.

Hakuacha kanisa pia. Kila robo ya mwaka tunashiriki Meza ya Bwana, na kabla ya mkate watu huoshana miguu, wanawake katika chumba cha pembeni na mabeseni yao na taulo. Mimi hupanda mapema kutoka Kiogoro, ninakoishi sasa, ili niwe mwenzi wake. Sabato iliyopita aliniosha vizuri, mpaka katikati ya vidole, akanikausha, tukakumbatiana. Nikamwaga maji yale, nikaleta mengine ya vuguvugu, nikapiga magoti mbele yake. Akairudisha miguu chini ya benchi, viatu hajavivua.

"Mama, lete mguu."

"Nimeoga nyumbani."

"Tata alikusamehe," nikamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo mbele ya watu. "Mimi ndiye niliyekuletea maneno."

"Najua alinisamehe," alisema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Alinisamehe, nami nikamuua."

Maji yalipoa kwenye beseni. Ukumbini walianza kuimba, tukaenda kukaa. Mzee Nyabuto, ambaye sasa haoni vizuri, alisimama akaomba, akasema meza iko wazi, mwenye dhambi asiogope, aingie. Aliyasema vizuri kama zamani. Sahani ya mkate ilipotufikia, Mama aliipokea kwa mikono yote miwili, akanishikia nikachukua, akampa aliyeketi baada yetu. Mama mwenyewe hakuchukua.

Wengi wamemwambia Mama aingie. Aliyeweza kumwambia naye akaamini alikuwa mmoja tu, na huyo tulimzika pale nyumbani, karibu na migomba, mahali ambapo Mama hupita kila asubuhi akienda kuchuma chai.