Migomba ya Mama wa Kampala

Nilivuka ziwa kutoka Bukoba kwenda Kampala enzi za Mwingereza, nikasomee useremala katika chuo kisichokuwa na mabweni. Hilo la mabweni ndilo lililonitia hofu. Mchungaji wetu wa Ijumbi alimfahamu mjane mmoja aliyeishi pembezoni mwa mji ule, naye akakubali kunipokea kwa majaribio hadi Jumapili. Akinikataa, sikuwa na mwenyeji mwingine. Ningepanda meli na kurudi nyumbani kabla sijashika randa.

Katika siku zile za kwanza nakumbuka harufu kuliko majengo: moshi wa kuni mbichi, mafuta ya taa, vumbi jekundu lililolowa mvua. Lugha yao na Kihaya ni ndugu, kwa hiyo tulielewana, ingawa watoto wa jirani walicheka kila nilipofungua mdomo. Chakula nacho kilikuwa ndizi, lakini si kama zetu. Sisi huzipika pamoja na maharage katika chungu kimoja. Yule mama alizifunga kwenye majani mabichi ya mgomba, akazipika kwa mvuke, kisha akazikanda mpaka zikawa laini. Nilikula huku nikitafuta maharage. Leo ningetoa kitu kizuri nipate sahani moja ya chakula kile.

Nyuma ya nyumba alikuwa na migomba iliyosongamana, na jambo hilo lilinikera. Kwetu mwanamume ndiye anayetunza kibanja, yaani shamba la migomba: anakata majani makavu, anapunguza machipukizi, anatandaza nyasi. Kijana mgeni anayekaa tu huku migomba ya mwenyeji wake imefungana hurudi kwao na sifa ya uvivu. Basi Jumamosi, mama akiwa bado amelala, nilichukua kisu nikaingia. Nilikwenda shina kwa shina, nikiacha mgomba mkubwa, binti yake na mjukuu, kama baba alivyonifundisha. Hewa ilipoanza kupita, kwa mara ya kwanza tangu nishuke melini nilijisikia niko nyumbani.

Alinikuta katikati ya kazi.

"Nani amekutuma humu?"

"Hakuna, waitu mama," nilijibu kwa neno letu la heshima. "Nimeona nikusaidie."

"Unisaidie? Humu ni kwangu! Marehemu mume wangu hakuwahi kugusa hata jani moja, sembuse wewe uliyekuja juzi!" Akaokota jani la kijani nililoliangusha. "Na haya niliyaacha ya kufungia chakula. Leo tufunge ndizi kwa shati lako?"

Mwanamke jirani akachungulia juu ya ua. "Kumbe umeletewa mkamwana! Mbona ana ndevu?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kwao shamba la migomba ni la mwanamke, kama lilivyo jiko. Nilisimama na kisu mkononi, nikiwaza meli itaondoka siku gani. Nikamweleza tu jinsi kwetu kulivyo.

"Kwenu wanawake wanafanya kazi gani, basi?"

"Wanalima njugu mawe na viazi kule rweya, kwenye nyika ya majani."

"Na wanaume ndio wanaohangaika na ndizi?"

"Ndiyo, mama."

"Maskini wanaume!" Alicheka mpaka akaegemea mgomba. Kisha akazunguka kukagua. Penye mashina mawili alitikisa kichwa, akasema nimekata chipukizi ambalo lingezaa vizuri. Mengine aliyapita kimya.

"Maliza ulichoanza. Siwezi kubaki na shamba lililonyolewa upande mmoja. Lakini usiingie tena bila kuitwa. Nitakuwa nakuita Jumamosi."

"Jumamosi gani, mama?" niliuliza, maana majaribio yangu yalikuwa yanakwisha kesho yake.

"Ijayo, na nyingine. Kwani unahamia wapi?"

Akaniacha na kisu changu, akaenda kwa yule jirani kuomba majani ya kupikia.