Pini kwenye kola

Nilikuwa najifunza ushonaji mtaa wa Biryogo, na siku zote nilitembea na kisu cha kukunja mfukoni kwa kuogopa vibaka. Mchana mmoja fundi wangu alinituma mtaa wa Muhima nimpelekee bwana harusi mmoja kanzu yake ndani ya mfuko. “Ikipotea,” aliniambia, “na wewe potea hukohuko.”

Njiani jitu moja likanizuia. “Kijana, leta hiyo mfuko.” Nilishika kisu humohumo mfukoni, lakini vidole viliganda, nikashindwa hata kukikunjua. Akanikamata kola kwa nguvu. Mara akapiga yowe, “Mama wee! Huyu iko na miiba!”

Sisi mafundi huchomeka pini kwenye kola zetu tunapopima nguo, na siku ile nilisahau kuzitoa. Alitazama damu kiganjani mwake, akanitazama mimi, akakimbia. Nilibaki nimesimama palepale, mfuko nimeukumbatia, sielewi kilichotokea.

Kanzu ilifika. Bwana harusi aliijaribu, akacheka. “Naoa mimi, unatetemeka wewe?”

Nilianza kuzichomoa pini kwenye kola, moja moja. Kisu kilikuwa bado mfukoni, kimekunjwa.