Bihogo Ibaki Bihogo

Mume wangu Abdulkarim anapaka rangi magari hapa Omurushaka, na kutoka hapa mpaka Bukoba hujaona mbishi kama yeye. Babu yake alikuja kutoka Pangani na mzigo wa vitambaa, akaona biashara ya kahawa, akakaa. Abdulkarim kazaliwa hapa, kakulia hapa, matoke anakula kuliko mimi, lakini Kinyambo hataki kujifunza. Anasema magari hayasemi Kinyambo. Mimi nina duka lililoshikana na gereji yake, nauza misumari, kamba na dawa za kuogeshea mifugo, na wateja wangu wengi ni wafugaji. Ningeikataa lugha yao ningekula misumari.

Kazi yake anaijua, hilo simnyimi. Akimaliza boneti, unaweza kusimama mbele yake ukafunga kilemba chako vizuri. Ila ana ugonjwa mmoja: jambo akishalielewa kwa namna yake, haulizi tena.

Sasa Jumatatu moja, nimekwenda Bukoba kufuata mzigo, Tumusiime akaleta gari la baba yake. Baba yake ni mzee Rugemalira, mfugaji wa Kaisho, na gari lenyewe barabara nzima ya Kyerwa wanalijua: Datsun ya zamani ya mbio, milango miwili, pua ndefu, viti vya nyuma vya kumkunja mtu magoti. Tumusiime anafanya kazi Mwanza. Alikuja kwa ajili ya harusi ya dada yake, Kyomuhendo, ambaye Jumamosi ile alikuwa anaolewa Ihanda. Akataka gari lipakwe jeupe.

"Bibi harusi ashuke kwenye gari la rangi ya kutu?" alisema. "Wakwe watatucheka."

Abdulkarim akamuuliza kama mzee amekubali.

"Mzee anachosema ni kimoja tu. Bihogo ibaki Bihogo."

"Jina tu? Hilo dogo. Nitaliandika nyuma, kwa herufi za kulala."

Kijana akacheka, akasema sawa. Hakudanganya. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake ndiko kulikotuponza.

Nilirudi Jumatano. Nikalikuta gari limepigwa msasa lote, limepakwa ile rangi ya chini ya kijivu, limesimama uani kama kuku aliyenyonyolewa. Kopo la rangi nyeupe liko wazi. Pembeni kuna kibao, na kwenye kibao mume wangu amejaribu mwandiko: BIHOGO, BIHOGO, BIHOGO.

Nilianza kwa kucheka. "Baba Samiha, hiki nini?"

"Jina la gari. Mzee kasema libaki."

Kicheko kikanikauka mdomoni. "Bihogo ni rangi, mume wangu. Ni ng'ombe mwekundu aliyekolea, karibu na weusi. Hawa watu ng'ombe humwita kwa rangi yake. Unataka umpake nyeupe halafu umwandike mgongoni kwamba ni mwekundu?"

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi nilimwambia, tena kwa sauti. Akakaa juu ya tairi. Nikamwona anavyotazama kile kibao chake, nikamhurumia kidogo, kidogo sana. Kisha akampigia Tumusiime, akaweka simu kwenye spika.

"Endelea, fundi," Tumusiime alisema. "Harusi Jumamosi. Mzee siku hizi hata sisi watoto wake anatusahau. Rangi ataijuaje?"

Simu ikakatika. Nikasema kama ni mimi nisingepuliza hata tone. Abdulkarim akasema aliyeleta gari ndiye mteja. Nikamwambia mwenye gari ndiye mteja. Akasema siku zimekwisha, rangi nyeupe ipo, na ile nyekundu ya zamani hana hata kipande kizuri cha kuigizia. Tuligombana mpaka waliokuja kununua misumari wakairudisha kwenye sanduku. Mwishowe akanigeuzia mgongo, akamimina rangi nyeupe kwenye pampu yake ya kupulizia, akawasha kompresa. Kelele ikajaa uani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumrushia nyundo.

Ndipo wakaingia wawili getini: mzee mrefu mwenye fimbo ya kuchungia, na binti amemshika mkono. Alikuwa Kyomuhendo, bibi harusi mwenyewe, ambaye wiki ile alipaswa kuwa nyumbani anatunzwa.

"Shikamoo Mama Samiha," alinisemea sikioni, kwa sababu ya kelele. "Tangu Jumatatu hali chakula. Anasema Bihogo ameibwa. Siku hizi hatoki bomani ila akiwa na Bihogo, na leo katoka kumtafuta. Kapanda hata basi."

"Shikamoo Mzee," Abdulkarim alisema, pampu mkononi.

Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakipitisha taratibu mpaka mlangoni, mpaka nyuma, akarudi. Kisha akasema neno kwa Kinyambo, na mume wangu akanigeukia.

"Kasema nini?"

"Anauliza," nikamwambia, "nani amemchuna."

Abdulkarim akazima kompresa. Mzee akajishusha chini, akakaa kwenye vumbi kando ya gurudumu kama watu wanavyokaa msibani. Sote hatukujua pa kuweka macho.

Kyomuhendo ndiye aliyetueleza. Ujanani mzee aliuza ng'ombe ili anunue gari, na katika waliouzwa alikuwemo Bihogo, ng'ombe aliyempenda kuliko wote. Akaenda Kampala na moyo mzito. Huko akaliona gari lenye rangi ya Bihogo yule yule, akasema basi hajatoka bomani, kabadilisha miguu tu.

"Jumamosi nataka anipeleke kanisani," Kyomuhendo alisema. "Gari likiwa jeupe hatapanda. Asipopanda, nitaolewa kama yatima, na baba ninaye."

Abdulkarim aliirudisha ile nyeupe koponi, akakipiga kifuniko kwa ngumi mpaka kikakaa.

Ndani ya buti la gari, ambako msasa haukufika, kulikuwa na rangi ya zamani kidogo, lakini imefifia na kuliwa na mafuta. Akachanganya kwa kuifuata hiyo, akapaka kibao, akampelekea mzee pale pale chini.

"Gaju," mzee alisema, akageuza uso.

Nikamweleza mume wangu kwamba gaju ni ng'ombe wa hudhurungi, aliyepauka. Akachanganya tena, akaongeza nyeusi, akaongeza nyekundu.

"Gaju."

Akachanganya tena. Jasho linamtoka. Gaju. Kinyambo cha kwanza mume wangu kukijua maishani mwake kilikuwa neno la kukataliwa.

"Kundini yupo mmoja," Kyomuhendo akasema. "Wa ukoo wa Bihogo yule. Rangi ile ile."

Kesho yake alfajiri Abdulkarim, ambaye akiona ng'ombe barabarani huvuka upande wa pili, alikwenda Kaisho na makopo yake na vibao vyake. Nilikwenda naye, singekosa. Alisimama katikati ya nyasi, makundi ya pembe kila upande, anaweka kibao kwenye ubavu wa ng'ombe mwekundu, anakitoa, anachanganya, anaweka tena. Wachungaji walicheka mpaka wakaegemea fimbo. Ng'ombe akampiga mkia usoni. Hakuacha. Hatimaye kibao kimoja kikawekwa kwenye ule ubavu, na ukiwa mbali kidogo hukioni.

Mzee akakishika. Akakipeleka karibu na macho. "Bihogo," akasema, na mchana ule akanywa maziwa.

Ijumaa jioni gari lilikuwa limekauka. Tumusiime akaja, akaliona, akapandisha hasira. "Fundi, mimi nilikuagiza nyeupe!"

"Na ukaniambia Bihogo ibaki Bihogo," Abdulkarim akamjibu. "Imebaki."

Kijana alizunguka gari mara mbili, akitafuta pa kuanzia ugomvi. Hakupapata. Nadhani aliona aibu. Alichukua ufunguo akaondoka.

Jumamosi tulialikwa Kaisho, tukaenda. Gari limesimama mbele ya nyumba, jekundu la kukolea, linawaka jua. Mzee akatolewa amevaa koti. Abdulkarim alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka unauma. Mzee akalizunguka gari. Akalipiga kofi dogo ubavuni, akalipigia mluzi ule wa kuitia ng'ombe, akafungua mlango, akaketi mbele. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikapumua.

Kisha Kyomuhendo akatoka ndani. Gauni jeupe, shela jeupe, uso umepakwa poda. Akaja mpaka kwenye mlango wa gari, akainama kumsalimu baba yake.

Mzee alimtazama sana.

"Huyu mweupe," akauliza kwa Kinyambo, "ni wa nani?"

Vigelegele vikakatika. Tumusiime, aliyekuwa ameshika usukani, akainamisha kichwa. Nikajua Kyomuhendo atalia na poda yote itakwenda na maji. Siku ya baba kutomjua alijua itakuja, ila hakuiomba ije Jumamosi ile. Hakusema mimi ni mwanao. Aliweka kiganja chake juu ya paa la gari.

"Ni wa Bihogo, tata," akamjibu baba yake kwa Kinyambo.

Mzee akafikiri. Akaugusa mlango kwa ndani, kama anayehakikisha.

"Kama ni wa Bihogo, ni wetu," akasema. "Apande."

Akapanda. Gauni likajaa kiti chote cha nyuma, na mzee akanyoosha mkono nyuma kuvuta pindo lisibanwe na mlango. Gari likatoka bomani polepole kuelekea Ihanda. Abdulkarim akanivuta kanga, akataka nimtafsirie. Nilimwambia asubiri, kwanza nimalize kulia.