Kidole cha Muzee Fulgence

Hortense anaosha wazee. Ndiyo kazi yake, kwa nyumba ya wazee ya masista hapa Bunia, na mutu akimuuliza kama anaipenda, anajibu kwamba wazee walau hawakimbii. Asubuhi moja alikuwa anaosha mikono ya Muzee Fulgence, masoni wa zamani, mujenzi wa nyumba, ambaye macho yamekwisha kufifia, akakuta kidole gumba kimejaa wino wa bluu.

"Muzee, wino huu umetoka wapi?"

"Nilipiga kura jana," muzee akasema, kichwa juu. "Honoré aliniletea karatasi hapa hapa kwa kitanda. Hata sikupanga mulolongo."

Honoré ni mutoto wa dada ya muzee. Anakuja kila Siku ya Mungu, kiisha misa, na Fanta ya muzee na sukari ya masista, na nyumba nzima inamupenda. Shida ni kwamba mwaka huu hakuna kura. Hortense akaendelea kusugua, lakini woga ulikuwa umekwisha kumushika. Muzee ana kitu kimoja tu cha kutamaniwa: nyumba yake ya Mudzipela, aliyoijenga kwa mikono yake. Wapangaji wanaikalia, na malipo yao ndiyo yanamuweka muzee hapa. Nyumba ikiuzwa, kitanda nacho kinakwenda.

Alimwambia Sista Véronique, mukubwa wao, ambaye wote wanamwita Masere.

"Honoré? Yule wa sukari? Mama Hortense, mambo ya familia tusiingie."

"Masere, mi siingii kwa familia. Niko naingia kwa kidole tu."

Sista akasema wataomba kwanza. Hortense naye aliomba, tena vizuri sana, huku anatembea kwenda kwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wa Mudzipela. Hapa kwetu parseli, kiwanja na nyumba yake, haiuzwi bila muhuri wa shefu, na kumbe Honoré alikuwa amekwisha kuacha karatasi ya kuuza nyumba mezani kwake ingoje muhuri. Chini yake, alama ya kidole cha bluu. Shefu alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akachukua kofia yake.

"Muzee," akauliza alipofika kwa kitanda, "uliuza nyumba yako?"

"Nani ameuza? Ile nyumba ndiyo inanilisha!"

Shefu akamusomea karatasi yote. Muzee akakificha kidole gumba chini ya shuka, na Sista Véronique, aliyesimama mulangoni, akaanza kutazama sakafu.

"Uuzaji huu umekufa," shefu akasema, akaikunja karatasi na kuitia mufukoni. "Sasa, niandike mashitaka juu ya Honoré?"

"Andika," muzee akasema. "Lakini umwambie aendelee kuja. Hakuna mwingine anayekuja kuniona."

Shefu aliandika ya kwanza. Ya pili hakujua aiandike wapi.

Siku ya Mungu muzee aliomba shati nyeupe na viatu. Hortense akamuvalisha, akamukalisha kwa mulango. Yeye hajutii hata kidogo, atamwambia mutu yeyote, na kesho akikuta wino tena atarudi kwa shefu. Lakini siku ile moyo ulimuuma vibaya, akaleta kiti chake akakaa naye.

"Ni yeye?" muzee aliuliza kila pikipiki ilipopunguza mwendo.

"Siyo yeye, Muzee."

Jua likageuka. Pikipiki nyingine ikapunguza mwendo, ikapita. Safari hii muzee hakuuliza. Alinyoosha mguu mbele ya Hortense.

"Nivue viatu," akasema.