Saa Moja ya Kazi ya Billow

Meno yangu mawili ya mbele nimeyaacha Balambala. Sikuanguka, wala sikugombania mwanamke. Yaling'olewa kwa rungu kwa sababu ya swali.

Swali lenyewe hili hapa: "Wiki iliyopita, ulifanya kazi ya malipo hata kwa saa moja?"

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vijana wasiosoma, wasio na ajira na wasiojifunza ufundi wowote. Nchi nyingi zinahesabu hivyo hivyo, halafu wakubwa wanazipanga kwenye jedwali moja waone nani yuko juu ya nani. Ukilipwa kwa saa moja tu, unaandikwa umeajiriwa. Usinicheke, sheria sikuitunga mimi.

Sheria nyingine niliiapia, mkono juu ya Biblia: jibu la mtu halitoki mdomoni mwangu, liwe liwalo.

Basi nikafika kijiji kimoja nje kidogo ya Balambala. Tableti ikanichagulia nyumba kumi na mbili, nami nikaziandika namba kwa chaki mlangoni, kama tulivyofundishwa.

Mimi nimezaliwa Garissa mjini. Nilipaswa kujua kwamba huku, mlango wako ukiwekwa alama na wa jirani ukaachwa, hulali kwa hofu ya polisi. Lakini nilikuwa na haraka ya kumaliza.

Kesho yake asubuhi gari lisilo na namba likamchukua Nunow, mtoto wa pekee wa Mama Batula. Mlango wao ulikuwa na chaki yangu.

Vijana wa kijiji walinikuta hotelini nakunywa chai. Sijui hata nani alinishika kwanza. Niliburutwa kwa shati hadi kwenye zizi la ngamia, mateke yakinifuata mbavuni, mtu akanikanyaga vidole mpaka nikasikia kimoja kikivunjika.

Mbele yao alikuwa Billow, kijana mrefu niliyemhoji jana yake. Yeye na Nunow walikuwa chanda na pete.

"Nani amekutuma, karani?"

"Ni takwimu tu, ndugu yangu. Za nchi."

Rungu likatua mdomoni. Nikatema damu na meno kwenye samadi.

"Umeandika vijana yetu, umeuzia bolisi," mwingine akasema nyuma yangu. "Chinja yeye."

Panga likaletwa. Wakanilaza kichwa juu ya gogo, mmoja akanivuta nywele ili shingo ikae vizuri. Nilijikojolea, na sioni haya kulisema.

Hapo Mama Batula akafika, macho mekundu, sauti imemkauka kwa kulia.

"Ngoja kwanza," akawaambia, wakangoja. Akachuchumaa mbele yangu. "Wewe uliingia kila nyumba. Wallahi sema, nani ameuza mtoto yangu?"

Ningeweza kusema sijui. Na huo ndio ulikuwa ukweli.

Lakini nilitaka kuishi. Na aliyenivunja mdomo alikuwa amesimama pale pale, rungu lake lina damu yangu, nami nilimchukia kwa moyo wote.

"Muulizeni Billow," nikasema. "Wenzake wote waliniambia hawana kazi. Yeye peke yake alisema alilipwa wiki iliyopita, saa moja. Nilipomuuliza kazi gani, akakataa kusema."

Watu wakamgeukia Billow.

"Kazi gani, Billow?" Mama Batula akauliza.

Billow akawatazama watu mmoja mmoja. Akakawia kwa Mustafe, kaka wa Ugbad, msichana ambaye Billow alitaka kumposa. Hilo nililijua baadaye.

"Ilikuwa kazi tu, eeddo," akajibu, kama mtu anayemjibu shangazi yake.

"Kazi gani?"

Akainamisha kichwa.

Walimnyang'anya rungu, na Mustafe ndiye aliyepiga la kwanza. Mimi nilibaki chini, nimesahaulika kabisa, nikisikia mifupa ya mtu ikivunjwa. Aliita "hooyo", mama yake, mara mbili. Sikufungua mdomo kuwazuia. Nilitambaa kwa viwiko mpaka nikatoka zizini.

Siku ya nne Nunow akarudishwa. Polisi walimchukua wakidhani ni mtu mwingine, hakuna aliyemuuza. Aliposhuka garini aliuliza Billow yuko wapi. Kijiji kilikuwa kimeshamzika.

Roda, muuguzi wa zahanati ya pale, alinieleza siku aliyonitoa nyuzi mdomoni.

"Billow alinizibulia choo, nikamlipa," akasema. "Alishuka shimoni saa moja nzima akichota kwa ndoo. Akaniomba nisimwambie mtu. Kwao kijana akijulikana ameshika mavi ya watu, hapewi binti."

Nililia mpaka kidonda kikafunguka tena.

Jedwali limeshatoka. Billow yumo, amehesabiwa kati ya vijana wenye ajira.

Nunow alinifuata Garissa mwezi uliopita. Nilidhani amekuja kunimaliza, nikamfungulia mlango hivyo hivyo.

"Ulijua ni kazi gani?" akauliza.

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulisema?"

Nikamsogezea kiti. Akaondoka bila kukaa.

Wewe unayesoma hapa, mtu akikukabidhi neno lake, usilitumie kununua uhai wako. Mimi nilinunua, na kila siku naona ni wizi. Billow alikuwa na njia rahisi ya kuniepuka, ile ya kunidanganya. Angesema tu hana kazi, leo angekuwa ameoa.