Ukungu Usioondoka na Jua

Namshukuru Mungu aliye hai, aliyeniamsha leo nikiwa na akili zangu na mke wangu akiwa na pumzi zake. Yeye ndiye aliyeiumba mvua, na ndiye aliyempa mwanadamu maarifa ya kujenga ukuta. Sina shaka na kazi yake hata kidogo. Shaka yangu ilikuwa na ukuta mmoja tu.

Tulihamia Mpanda, mtaa wa Ilembo, kwa sababu ya kifua cha mke wangu. Kwetu ni kule Ugalla, ambako nilikuwa katekista na mfugaji wa nyuki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Pumu ilipomzidi, daktari alitaka awe karibu na hospitali, asiwe mtu wa kubebwa kwenye pikipiki njia nzima huku akitafuta hewa. Watoto wetu wakatupatia nyumba ya kupanga: chumba na sebule, dari la jipsamu, vigae sakafuni, ukuta mweupe kama kitambaa cha altare. Mke wangu aliupapasa ukuta ule akasema nyumba yetu ya tope ingeona haya. Tukasali, tukaingia.

Kiangazi kilituhurumia. Mvua zilipoanza, habari ilinifikia kwanza kwa pua. Ilikuwa harufu ya gunia lililosahauliwa mahali penye maji. Nikawalaumu panya, nikavilaumu viatu vyangu. Kisha asubuhi moja mke wangu alivuta kabati ili afagie, na nyuma yake ukuta ulikuwa umeota. Chini madoa meusi yametawanyika kama ulezi uliomwagika, juu yake kijani, na hapa na pale manyoya meupe. Koti langu la Jumapili, lililokuwa limegusa ukuta huo, lilikuwa na ndevu.

Mke wangu alilicheka lile koti mpaka akakohoa, na kikohozi hakikumwacha hadi jioni. Tangu siku hiyo akawa analala ameketi, mito mgongoni, na mimi kando yake nikisikia kifua chake kikipiga filimbi. Tulikuja mjini ili apumue. Sasa nyumba yenyewe ndiyo ilikuwa inamnyima pumzi.

Nikampigia simu mama mwenye nyumba. Ni mwanamke wa umri wa binti yetu mkubwa, mchangamfu, anayekaa mtaa wetu huo huo na kusali katika jumuiya yetu, ila siku nyingi yuko Sitalike kwenye duka lake. Nikamsalimu Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia, nikamwambia nyumba imeingia ukungu.

"Ukungu? Babu, hata huku Sitalike leo hatuonani," akasema. "Jua likitoka utaondoka wenyewe. Nyie fungeni tu madirisha, bibi asipate baridi."

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kueleza kwamba ukungu wangu hauko angani, uko ukutani, simu ikakatika. Ubaya ni kwamba tulimtii. Kwetu kila mtu anaamini kwamba pumu huletwa na baridi. Tukafunga madirisha mchana na usiku, tukaziba chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Ukungu ukanawiri kuliko sisi.

Aliporudi Ilembo nilimfuata kwake kwa miguu. Nikiwa njiani nilichagua neno jingine, nisije nikaambiwa tena habari za hali ya hewa. Nikamwambia ukuta una kuvu. Akaniuliza kama kuvu si uyoga, na kama ni uyoga, basi bibi auchume, yeye ataleta karanga. Wageni wake wakacheka sana. Nami nilicheka, kwa adabu, lakini nilirudi nyumbani nimeuma meno.

Nisimwonee, maana wiki iliyofuata alimtuma fundi wa rangi. Nilimwomba fundi akwangue kwanza. Akanijibu kwamba alichoagizwa ni kupaka, habari za kukwangua hakupewa, akapaka juu ya madoa yale yale. Ukuta uling'aa Jumapili ile. Haukumaliza mwezi, weusi ulipenya rangi kama wino unavyopenya karatasi. Fundi akaja tena, akapaka tena, weusi ukarudi tena. Alipokuja mara ya tatu nilimpa chai, nikamrudisha na kopo lake. Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa anaanika nguo, aliona yote akaniambia hata mpangaji aliyetutangulia alipakiwa hivyo hivyo. "Babu," akasema, "ukuta huo una rangi nyingi kuliko bendera."

Basi nikazunguka nje kuukagua ukuta, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na bustani ya maua, fahari ya mama mwenye nyumba. Alikuwa ameijengea ukingo wa saruji na kuijaza udongo hadi magotini, umelala moja kwa moja kwenye ukuta wetu. Maji yote ya bati yalikuwa yanaangukia humo. Nikapima kwa fimbo yangu nje, nikapima ndani. Weusi ulipanda juu kidogo tu ya pale udongo ulipokomea. Na kilichoniudhi zaidi ya yote ni kwamba maua yale, kiangazi chote, niliyamwagilia mimi mwenyewe. Yeye aliniomba, nami nikamwagilia kila jioni kwa uaminifu, nikidhani natenda wema.

Nilimweleza kwa simu, taratibu, kama ninavyofundisha katekisimu. Akasema maua hayana kosa, na kwamba ni hayo hayo yaliyotuvutia tukapanga. Hapo uvumilivu ukaniponyoka. Maandiko yanaye kuhani anayeitwa kukagua nyumba yenye madoa ya kijani ukutani. Kuhani yule haagizi rangi. Anaagiza mawe yenye madoa yang'olewe na ukuta ukwanguliwe, na madoa yakirudi, nyumba ibomolewe. Na ugonjwa huo wa nyumba Maandiko yanauita ukoma. Nami, kwa kuwa maneno mengine mawili yalikwisha kushindwa, nikalitumia hilo.

"Mwanangu," nikasema, "nyumba yako ina ukoma."

Mimi nilisema kama mwalimu, yeye alisikia kama mtu aliyetukanwa. Simu ikakatwa. Siku chache baadaye mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba katekista wa zamani ameilaani nyumba ya mama wa watu, na mzee mmoja alifika mlangoni kunipa pole na kuuliza, kwa sauti ya chini, mgonjwa ni nani kati yetu.

Mambo yakiwa hivyo, zamu yetu ya kupokea jumuiya ikafika. Kila wiki waumini wa mtaa husali katika nyumba ya mmoja wao, na zamu haimngoji mtu apatane na mwenye nyumba wake. Mimi nilitaka ukuta uachwe wazi, watu wajionee. Mke wangu akakataa. Alisema hawezi kumwaibisha mgeni nyumbani mwake, hata kama nyumba ni ya mgeni. Akatundika kitenge chake kizuri kwenye ukuta wa nyuma wa sebule, ule ule unaopita hadi chumbani, akakibana kwa misumari.

Mama mwenye nyumba alichelewa kufika, na kiti kilichobaki kilikuwa kile cha karibu na kitenge. Akaketi bila kunitazama. Tukasali rozari, tukasoma Injili, tukafika kwenye maombi, ambapo kila mtu hutoa ombi lake kwa sauti. Wakaombewa wagonjwa, wakaombewa wanafunzi. Kisha mke wangu, akikatika pumzi kila baada ya maneno machache, akasema:

"Naomba kwa ajili ya kitu kilichoko nyuma ya kitenge hiki. Mimi sijui jina lake. Mume wangu amekiita majina yote, na hakuna lililosaidia. Ninachojua ni kwamba kinaninyima hewa. Ee Bwana, twakuomba."

"Utusikie," wote wakaitikia, na sauti ya mama mwenye nyumba ilikuwa ndani yake, maana mdomo huzoea.

Mama mwenye nyumba aligeuka, akainua pindo la kitenge. Plasta ilikuwa imeshikana nacho. Ikabanduka kama uji mzito, ikamwangukia mapajani kwenye gauni lake. Akaitazama. Akaunusa mkono wake. Kisha akauliza polepole, "Mama, unalala humu?"

"Silali, mwanangu," mke wangu akajibu. "Nakaa."

Jumamosi alikuja na jembe, bila fundi. Aling'oa maua yake kwa mkono wake, shina kwa shina, akilalamika kwa kila shina, nami nikayabeba kwa ndoo hadi getini alikokwenda kuyapanda upya. Udongo wote ukaondolewa. Bati likawekewa mfereji. Fundi yule yule wa rangi akarudi, safari hii na kikwanguo, akaubandua ukuta hadi matofali yakaonekana, na ukaachwa hivyo, uchi, mpaka jua la kiangazi liukaushe. Madirisha tunafungua. Kanga ya mlangoni imerudi kuwa kanga.

Sitasema yameisha. Pembeni mwa chumba bado yanatokea madoa machache, nami nayafuta kwa kitambaa chenye siki, nikinung'unika kidogo, halafu nikitubu. Na mama mwenye nyumba tumepatana. Kukiwa na ukungu asubuhi hunipigia kuniuliza, "Babu, ukungu leo uko upande gani, nje au ndani?" Namjibu nje, kwa neema ya Mungu. Na mke wangu, nyuma yangu, bado amelala. Amelala chali, mto mmoja.

Wewe unayesoma, Bwana akuzungushie kuta kavu, akupe mwenye nyumba anayesikia neno lako la kwanza. Na asipolisikia, Mungu akuwekee nyumbani mtu wa kuliombea. Pumzi yako iingie bila kelele na itoke bila kelele, usiku na mchana. Amina.